Shimo la Dizeli na Ripoti Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa udongo ninuse. Sifanyi mzaha. Mzee Haji alininyooshea kiganja kilichojaa kinongo, udongo wetu mwekundu, akaniuliza, "Petroli au dizeli?" Nikanusa, nikapiga chafya, nikasema petroli. Akacheka. "Mafuta ya taa," akasema. "Lakini utajua tu."

Na kweli nilijua. Kwa miaka mingi pua yangu ndiyo iliyokuwa chombo cha kwanza cha maabara. Nyinyi mlioingia kazini nyuma yangu msinifuate katika hilo. Mvuke ule unaingia kifuani, na pua nayo huchoka. Ukishanusa asubuhi nzima, ikifika adhuhuri huwezi kutofautisha udongo wa gereji na udongo wa shamba la mihogo. Leo mna mashine za kupima mvuke, zitumieni. Ila mashine nazo zina mambo yao, na hapo nitajisema mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, baada ya harusi ya binti wa dada yangu. Harusi zetu mnazijua. Nilikuwa nimejifukiza udi, nimejipaka mafuta ya asumini, na kwenye shungi mna manukato ya watu wanne walionikumbatia. Nikenda kiwanjani hivyo hivyo. Nikatia udongo kwenye mfuko wa nailoni, nikauacha juani kidogo, nikachomeka mdomo wa mashine. Ikapiga kelele. Shimo la pili, kelele. La tatu tulilichimba ndani ya bustani ya mchicha ya mtu, mbali kabisa na mafuta, makusudi tupate udongo safi wa kulinganisha. Kelele vile vile. Nikamwita Mzee Haji, nikamwambia mtaa mzima umeharibika. Akaja, akasimama hatua chache, akanitazama.

"Bi Zuwena, hebu mpe dereva hiyo mashine, weye kasimame kule kwenye upepo."

Mashine ikanyamaza. Tokea siku ile, siku ya kuchukua sampuli mie hunukia sabuni ya kufulia tu.

Huyo Mzee Haji ndiye aliyenifunza kazi, kwa hivyo mjueni. Mtumbatu, mrefu, mpole wa maneno. Aliingia idara yetu ya kupima udongo kama kibarua wa kuchimba, na mpaka anastaafu hakuwahi kukaa mbele ya mashine ya maabara. Kusoma alisoma polepole, kwa kidole. Lakini udongo aliusoma haraka kuliko sote. Akiwa na wasiwasi, alitia kijiko cha udongo kwenye chupa ya kioo, akajaza maji safi, akaitikisa, akaiweka juani. Maji yakitulia juu pakafanya utando unaong'aa rangi rangi, akawaambia wachimbaji wasimame. Njia ile haikupi kipimo, inakwambia tu kuwa hapa pana jambo. Hata leo mnaweza kuitumia mkiwa hamna umeme.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha namna ya kujaza chupa. Jaza mpaka juu, usiache nafasi ya hewa. Pangusa mdomo wa chupa kabla ya kufunga, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kuupitisha mvuke. Iweke kwenye barafu saa ile ile. Lebo iandike kwa penseli, wino una harufu yake. Kila shimo glavu mpya. Na usimruhusu dereva kwenda kutia mafuta gari wakati sampuli zimo ndani, hata akikuapia kuwa taa ya mafuta imeshawaka.

Haya, sasa nakuja kwenye lile mliloniomba nieleze. Nilikuwa na miaka mingi kazini, si mgeni tena, jambo hilo lilipotokea.

Kiwanja chenyewe kiko nje kidogo ya mji. Sikitaji, kwa sababu watu wanakaa pale na hawana haja ya jina baya. Zamani ilikuwa karakana ya malori. Mlikuwa na matangi mawili ya mafuta yaliyofukiwa, na ramani ya wapi yalipofukiwa hakuna aliyekuwa nayo. Tulizunguka siku mbili na vyuma vyetu tukichomachoma ardhi. Siku ya tatu Mzee Haji akaweka chuma chake chini, akenda kukaa kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara aliyekuwa akiwauzia madereva chapati tokea enzi hizo. Akarudi baada ya kikombe kimoja cha chai, anajua yalipo matangi yote mawili na mahali walipokuwa wakimwaga oili chafu. Mama yule alikuwa akiichota oili hiyo kupaka nguzo za banda lake zisiliwe na mchwa. Kwa hivyo, kabla hamjachimba, tafuteni aliyekuwa akiwalisha wafanyakazi.

Kiwanja kile kilipangiwa nyumba za ghorofa, za kuwahamishia watu waliokuwa wakikaa kwenye majumba mabovu ya Mji Mkongwe. Nyumba mojawapo ilikuwa mtaani kwetu, Malindi. Kuta zimetanuka, boriti zimeoza, ngazi imekazwa kwa kamba na mbao za kuokota. Ghorofa ya pili alikaa Bi Rukia, shoga wa marehemu mama yangu, aliyenisuka nywele mpaka nikafika darasa la saba. Kila nikipita chini ya dirisha lake alinipigia kelele.

"Zuwena! Udongo umekubali?"

"Bado, Bi Rukia."

"Uambie ufanye haraka. Mie ngazi hii nnaishuka kwa kupiga shahada."

Watu wakicheka. Mie pia nilicheka, lakini nilikuwa nishaipanda ngazi ile na niliijua.

Matangi yakatolewa. Moja lilikuwa limetoboka chini kama chujio. Katapila likachimba udongo uliokuwa ukinuka, ukapakiwa, ukatengwa pembeni juu ya nailoni nene. Siku ya Alkhamisi likafika chini, mahali ambapo Mzee Haji aliona pametakata, kwa macho. Kilichobaki ni kuchukua sampuli za sakafu ya shimo na kuta zake, tuthibitishe maabara. Jioni ile ile zikaja habari kuwa kaka yake Mzee Haji amefariki kisiwani kwao Tumbatu. Akaondoka. Ijumaa na Jumamosi ikanyesha mvua kubwa.

Jumatatu nilikwenda na dereva tu. Injinia Mselem, msimamizi wa mkandarasi, alikuwa ukingoni mwa shimo akitazama saa yake. Malori ya udongo safi wa kufukia yalikuwa nyuma yake yameshawashwa. Nikashuka kwa ngazi. Chini kulikuwa na tope laini, viatu vinazama. Nikachukua kila pembe na katikati, kisha kuta. Mwiko uliingia kirahisi, sikuhitaji nguvu. Nikaandika kwenye daftari: udongo mwekundu, laini, una unyevu. Nikapanda juu.

Majibu yalitoka safi. Safi kabisa, mpaka nilifurahi. Nikaandika ripoti, nikatia sahihi, shimo likafukiwa. Jioni nilipopita Malindi sikungoja kuulizwa. Nilisimama chini ya dirisha nikasema, "Bi Rukia, udongo umekubali."

Akapiga kigelegele pale pale dirishani. Wiki ile ile akaanza kufunga mizigo.

Mzee Haji alirudi baada ya siku kumi. Nilimpa mkono wa pole, akakaa, akavuta daftari langu la kiwanjani kama alivyozoea, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Mwekundu?"

"Naam."

"Huu uliuchukua wapi?"

"Chini ya shimo, Mzee Haji. Pembe nne na kati."

"Chini ya shimo hapana kinongo," akasema. "Mie nlikuwepo Alkhamisi. Kinongo kilikwisha kimo cha mtu. Chini yake kichanga cheupe, kisha jiwe." Akafunga daftari. "Mvua ilinyesha hapa?"

Nilikuwa nishaelewa. Mvua ilikuwa imekosha kuta za juu, kinongo safi kikateremka, kikatandika sakafu ya shimo tope la unene wa kiganja. Mie nikalichota tope hilo, nikalitia kwenye chupa kwa ufundi wote niliofunzwa, lebo kwa penseli, barafu, kila kitu, nikaipelekea maabara udongo ambao haujawahi kukaa na mafuta hata siku moja. Sakafu yenyewe ya shimo hakuna aliyeipima.

"Labda chini nako ni safi," nikasema.

"Labda."

"Wewe mwenyewe uliona pametakata."

"Niliona kwa macho. Kama macho yangetosha, weye usingeajiriwa." Akanyanyuka. "Mie nshasema nililoliona. Jina kwenye karatasi ni lako."

Akatoka kwenda kusali. Sitawadanganya kuwa nilinyanyuka hapo hapo kama shujaa. Nilikaa. Niliwaza kuwa shimo limeshafukiwa, nguzo za msingi zinapimwa, Bi Rukia amefunga vyombo vyake kwenye makanga. Nikawaza kuwa daftari ninalo mimi, na kwamba Mzee Haji hatamwambia mtu. Hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu nilijua ni kweli: asingemwambia mtu, na asingenisemesha tena juu ya kazi.

Baada ya sala nikaingia kwa Bwana Khatib, mkuu wa maabara, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisukumia karatasi tupu. Nikaandika mistari mitatu: kwamba sampuli za sakafu ya shimo zilichukuliwa kwenye tope la mvua, kwamba ripoti yangu haifai kutumika, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Bwana Khatib akagonga muhuri. "Sasa ipeleke mwenyewe," akasema.

Injinia Mselem aliisoma akiwa amesimama, kofia ya plastiki kichwani.

"Bi Zuwena, unataka nifukue shimo nililolifukia wiki iliyopita?"

"Naam."

"Kwa sababu ya rangi ya udongo?"

"Kwa sababu sikufika chini, nikaandika kuwa nimefika."

"Na ukikuta safi?"

"Nitakuwa nimekusumbua bure, nitakuomba radhi mbele ya watu wako wote."

Alinitazama, si kwa wema. Halafu akamwita mwendesha katapila.

Lilichukua siku moja na nusu kufika. Kwanza udongo safi wa kufukia. Kisha tope langu, jekundu, jembamba kama mkate wa kumimina. Mzee Haji akaingia na koleo, akalifagia kando. Chini yake kile kichanga cheupe kilikuwa cheupe upande mmoja tu. Upande wa pili kilikuwa kijivu, mafuta yamepanda kutoka chini tokea Alkhamisi ile. Akakichimba kidogo na harufu ikatoka mpaka barabarani. Chini zaidi ulikuwa ufa kwenye jiwe, na ndani ya ufa mnang'aa mafuta meusi. Mawe yetu ya chini ni ya matumbawe, yamejaa matundu na nyufa, mafuta yakishaingia humo hayasubiri mtu. Ufa ule ulielekea upande wa vibanda vya jirani, na vibanda vile vilikuwa na kisima.

Tukenda kupima kisima siku hiyo hiyo. Mama mmoja alikuwa akichota. Nilipomwambia asiyanywe akaweka ndoo chini taratibu.

"Chai ilikuwa ina kijiharufu," akasema. "Miezi sasa. Nilidhani sufuria, nikanunua nyengine."

Maji yalikuwa na mafuta. Kidogo, lakini yalikuwamo, na kwa mwendo wa ufa ule yangezidi. Kisima kikafungwa, wakawa wanaletewa maji kwa gari. Injinia Mselem aliyaona yote hayo akiwa karibu yangu. Kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Bwana Khatib aliniondoa kwenye kuchukua sampuli. Nilirudi kwenye kuosha chupa na kulinda matuta. Matuta ni yale ya udongo mchafu, na hapa kuna ujuzi ambao ningependa mbaki nao. Udongo wenye dizeli hauna haja ya kuchomwa wala kwenda kutupwa kwa mwengine. Humo ndani mna vijidudu visivyoonekana vinavyokula mafuta, ila vinataka hewa, maji kidogo na chakula. Tuliutandaza kwenye nailoni nene, matuta ya kimo cha kiuno, tukachanganya samadi ya ng'ombe na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili hewa ipite. Kila wiki tukaupindua. Ukikauka tukaunyunyizia maji, ikija mvua tukaufunika turubai. Baada ya kupindua weka kiganja juu: tuta linalofanya kazi lina vuguvugu. Mtu mmoja akashauri tutie mwani uliooza kutoka pwani ya Chwaka, ati ni mbolea ya bure. Tukajaribu tuta moja. Chumvi ikavilaza vile vijidudu, na tuta likanuka hata majirani wakauliza kama hatuwezi kuwarudishia dizeli yao.

Kwenye ufa hakukuchimbika. Tulizamisha mabomba, tukawa tunavuta maji na mafuta, tunayatenga, wiki baada ya wiki. Nyumba iliyokuwa ijengwe upande ule ikahamishwa kwenye ramani, pale pakaachwa wazi.

Yote hayo yalikula miezi. Na asubuhi moja katika miezi hiyo, ngazi ya ile nyumba ya Malindi ilikatika, Bi Rukia yuko katikati yake na ndoo ya maji.

Nilimkuta hospitali amefungwa mguu kuanzia paja. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, akageukia ukutani.

"Ulinambia umekubali," akasema. "Nlikuwa nshafunga mizigo."

Nilikaa kwenye kigoda mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Sikujitetea. Nikenda kesho yake, na siku nyengine nyingi, na alipotoka nikenda kwa mwanawe alikohamia. Kila mara shikamoo, kila mara marahaba, kwa sababu salamu haikataliwi. Zaidi ya hapo hakunipa neno.

Watu walinifariji kuwa kama ningenyamaza, yangekuwa mabaya zaidi, familia zingelala juu ya mvuke na wale wa kisimani wangeendelea kunywa. Ni kweli. Lakini na hili ni kweli, nataka mlisikie: kama Jumatatu ile ningechimba kiganja kimoja zaidi, katapila lilikuwa bado lipo, mkandarasi alikuwa bado yupo, tungeuona ule ufa siku hiyo na tungeanza mapema. Kuchelewa kwenyewe nilikuleta mimi. Mguu wa Bi Rukia nimeupima kila upande, na kila nikipima unatoka na jina langu.

Bwana Khatib alinirudisha shimoni kwa sampuli za mwisho. Nilikwenda na Mzee Haji, naye alikuwa anakaribia kustaafu. Nikachimba mpaka jiwe, nikamwita kila mahali ashuke aitazame rangi kabla sijajaza chupa. Alishuka mara zote, na magoti yake mabovu, bila kunung'unika. Majibu yakaja safi, matuta nayo yakapimwa, mara mbili kwa ombi langu. Nyumba zikajengwa. Watu wakahamia, na Bi Rukia akapewa ya chini, kwa ajili ya mguu.

Mimi sikwenda kumpongeza. Niliona haya. Lakini yale mabomba ya ufa yalitakiwa yaendelee kupimwa maji yake kila baada ya miezi mitatu, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Basi asubuhi moja nimeinama kwenye bomba, nina mabuti na glavu, kamba ya chupa mkononi, nikasikia dirisha linafunguliwa nyuma yangu.

"Zuwena!"

"Naam, Bi Rukia. Shikamoo."

"Marahaba. Wangoja nini hapo tena?"

"Napima maji."

"Si mlisema yametakata?"

"Yametakata. Napima yasije yakarudi."

Nilimwona mkono mmoja umeshika chuma cha dirisha, mwengine umeshika bakora.

"Na safari hii umefika chini?"

"Nimefika chini, Bi Rukia."

Akanitazama kwa muda mrefu, mie na matope yangu, kama anayepima kitu ambacho hana haraka nacho.

"Ukimaliza ingia unywe chai," akasema. "Hayo mabuti yaache nje. Nshapiga deki."

Nikajaza chupa mpaka juu, nikapangusa mdomo, nikaifunga, nikaiweka kwenye barafu. Nikaandika lebo kwa penseli. Kisha nikavua mabuti mlangoni, nikayapanga pamoja, nikaingia.